Mark X na Crown za 4WD: Mnunuzi achungulie chini kabla ya kulipa

Fedha za parachichi, chai na mbao zinapoingia mifukoni mwa wakulima wa Njombe, Mufindi na Rungwe, baadhi yao huanza kufikiria gari. Wapo wanaochagua pikapu, wakiwa na akili ya shamba. Wapo pia waliochoka kupanda malori na bodaboda, na sasa wanataka gari la kukaa kwa heshima, lenye viti vizuri, injini ya silinda 6 na kiyoyozi kinachofanya kazi. Kwa hao, majina mawili hayakosi kutajwa: Toyota Mark X na Toyota Crown.

Katika orodha za wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani, magari hayo huja kwa namna mbili. Ipo ya kawaida, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na ipo ya 4WD, ambayo injini hupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Hii ya pili aghalabu huandikwa "Four". Mtu anayeishi Lupembe au Makete, ambako mvua ikishanyesha udongo mwekundu huteleza kama sabuni, akiliona neno hilo huamini kuwa amepata vyote viwili kwa bei moja: ufahari wa mjini na nguvu za Land Cruiser.

Imani hiyo imewagharimu wengi. Si kwamba magari hayo ni mabaya, la hasha. Ni magari mazuri, yenye nguvu na utulivu barabarani, na yakitunzwa hudumu. Tatizo ni kwamba yalitengenezwa kwa ajili ya theluji, na theluji si tope.

Theluji na tope

Watu wa kaskazini mwa Japani, katika kisiwa cha Hokkaido na maeneo kama Aomori, Akita na Niigata, hupata theluji nyingi kila mwaka. Mitambo hupita na kuisukuma pembeni, hivyo barabara hubaki tambarare lakini yenye utelezi mkali. Dereva wa huko hahitaji gari lililoinuka sana. Anahitaji gari ambalo gurudumu moja likikosa mshiko, mengine yaendelee kuvuta. Hiyo ndiyo kazi iliyokusudiwa kwa Mark X na Crown za 4WD.

Tope la mashambani ni jambo jingine. Malori ya mbao na matrekta yakipita barabara ya udongo wakati wa masika huacha mifereji mirefu. Tumbo la Mark X lipo sentimita 15 hivi kutoka ardhini, wakati gari kama Prado huinuka sentimita 20 na zaidi. Mfereji ukizidi kina hicho, gari dogo hulalia tumbo, na hapo magurudumu manne yatazunguka hewani sawasawa na mawili.

Kwa maana hiyo, mnunuzi ajiulize barabara yake ni ya namna gani. Anayeishi kando ya lami, kisha ana kilometa mbili tatu za changarawe iliyochongwa vizuri, au kilima chenye utelezi kabla ya kufika nyumbani kwake, atafaidika kweli na 4WD. Atafaidika pia anayesafiri mara kwa mara kwenda Dar es Salaam na kupanda au kuteremka mlima Kitonga mvua ikinyesha. Anayepita kwenye mifereji ya malori kila siku hafaidiki na lolote. Huyo aachane na gari hili, hata kama moyo unalitaka.

Theluji ina mwenzake, nayo ni chumvi. Barabara za maeneo hayo humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurukia chini ya gari kwa miezi kadhaa kila mwaka. Gari linaweza kuwa na rangi inayong'aa kama jipya, huku mabomba ya breki, mikono ya magurudumu na boliti zake zimeliwa na kutu. Kwa kuwa waliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kununua 4WD ni watu wa maeneo ya theluji, anayetafuta gari la aina hiyo ana nafasi kubwa ya kukutana na kutu kuliko anayetafuta la magurudumu mawili.

Karatasi ya mnada husaidia hapa. Magari mengi ya Japani hupitia minadani, na kila gari hukaguliwa na kuandikiwa karatasi yenye mchoro na alama. Herufi S kwenye mchoro ina maana ya kutu, na C ina maana kutu hiyo imeshaanza kula bati. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri kwa gari lililotumika. R au RA ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Muuzaji anayekataa kutoa karatasi hiyo, au anayetuma picha 30 za viti na dashibodi bila hata moja ya chini ya gari, amekwisha kujieleza. Na ikiwa chini kote kumepuliziwa rangi nyeusi mpya, mnunuzi aliyefika bandarini au yadi aombe bisibisi na kugonga taratibu. Bati zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu, au bisibisi hupenya.

Namba ya chesisi

Wapo wauzaji wanaoandika 4WD kwa makosa, na wapo wanaofanya hivyo kwa makusudi. Namba ya chesisi humaliza ubishi. Mark X ya kwanza, iliyoanza mwaka 2004 hadi 2009, huanza na GRX120 ikiwa ya magurudumu mawili na injini ya lita 2.5, na GRX125 ikiwa ya 4WD. Mark X ya pili, iliyoanza 2009, ni GRX130 na GRX135 kwa mpangilio huohuo. Kwa Crown iliyotoka mwishoni mwa 2003, 4WD ni GRS181 kwa lita 2.5 na GRS183 kwa lita 3. Iliyofuata mwaka 2008 ni GRS201 na GRS203. Herufi na tarakimu hizo husomeka kwenye kibati cha gari na kwenye nyaraka, na hakuna fundi anayeweza kuzibadili kwa rangi.

Kuhusu magari ya Ulaya, mwenye kutamani Mercedes-Benz au BMW ya magurudumu manne afahamu kuwa kwa miaka mingi magari madogo ya aina hiyo kutoka kampuni hizo yalitengenezwa zaidi kwa usukani wa kushoto. Ndiyo maana ni nadra kuyaona Tanzania. Audi quattro hupatikana kwa usukani wa kulia, na ni gari zuri sana barabarani. Lakini anayeishi Makambako afikirie mwenyewe ni nani atakayemfungulia gia boksi ya Audi, na kipuri kitatoka wapi. Kwa Toyota, angalau maduka ya vipuri vilivyotumika ya Ilala na Gerezani jijini Dar es Salaam yana la kusema.

Ushuru na umri

Hesabu ya kodi ni sehemu ambayo wanunuzi wengi huipitia haraka, ingawa humeza fedha nyingi kuliko meli. Kwa viwango vilivyozoeleka kwa miaka kadhaa, gari linaloingia Tanzania hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Juu ya hapo huja ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, ambao kwa injini inayozidi lita 2 ni asilimia 10. Kisha ipo tozo ya uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa gari lililozidi miaka 10. Mwisho huja VAT ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya hayo yote.

Tuchukue Crown ya lita 2.5 iliyothaminiwa Sh. milioni 10 ikiwa bandarini, na umri wake ni miaka 12. Ushuru wa forodha huifikisha Sh. milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa huongeza Sh. milioni 1.25 na uchakavu Sh. milioni 3.75, jumla Sh. milioni 17.5. Ukiweka VAT, gari limefika Sh. milioni 20.65, kabla ya ada ndogo ndogo, usajili na malipo ya wakala wa forodha. Gari lenye thamani hiyohiyo lakini lenye umri chini ya miaka 8 lingeishia Sh. milioni 16.2 hivi.

Tofauti hiyo ya zaidi ya Sh. milioni 4 ina maana moja kubwa kwa mnunuzi. Gari lenye umri mdogo linaweza kuthaminiwa ghali zaidi kwa takriban asilimia 27 kuliko lile kuukuu, na bado yote mawili yakagharimu sawa baada ya kodi. Wajapani nao wana sababu zao za kuuza magari kuukuu kwa bei ya chini: ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka miwili ni ghali, na gari la petroli likivuka miaka 13 kodi yake ya mwaka hupanda. Anayedhani amepata gari la kutupa huko Yokohama mara nyingi amenunua umri ambao ataulipia Dar es Salaam.

Mambo mawili ya tahadhari. Kwanza, Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia thamani iliyo katika mfumo wake wa kukokotoa kodi za magari yaliyotumika, si lazima bei iliyo kwenye risiti ya mnunuzi, na viwango vyaweza kubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Mfumo huo upo kwenye tovuti ya mamlaka hiyo, hivyo hesabu ifanywe kabla ya kutuma fedha. Pili, karatasi za Japani huonyesha mwaka ambao gari lilisajiliwa kwa mara ya kwanza, na huo unaweza kutofautiana na mwaka wa kutengenezwa. Miezi michache tu inaweza kulihamisha gari kutoka kundi moja la umri hadi jingine. Mark X ya mwisho ilitoka kiwandani Desemba 2019, kwa hiyo zile zenye umri mdogo zinazidi kuadimika.

Majirani wa Kenya hawana hesabu hii, kwa kuwa huko gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia kabisa.

Kununua kwa mtu

Wengi hukwepa usumbufu wa bandari kwa kununua gari ambalo tayari limetumika nchini. Hapa neno linalosikika sana ni namba: "Hii ni namba D, ile ni namba E." Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lolote kuhusu mwaka lililotengenezwa, wala barabara lilizopita. Crown ya mwaka 2005 yaweza kuvaa namba E bila kosa lolote.

Kwa gari la 4WD, jambo la kwanza ni kulala chini na kutazama kama vyuma vyote vipo. Wapo wanaoondoa propela ya mbele au shafti zake pale zinapoharibika, ama kwa imani kuwa watapunguza matumizi ya mafuta. Gari hubaki na jina la 4WD kwenye kadi, lakini difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, huachwa ikizunguka upande mmoja bila mzigo. Gari kama hilo halifai kwa bei yoyote ya kawaida.

Baada ya hapo litafutwe eneo la wazi, kavu na tambarare. Usukani uzungushwe hadi mwisho, gari litembee polepole kwa duara, kulia kisha kushoto. Mlio wa "ka-ka-ka" kutoka mbele ni dalili ya viungo vya shafti vilivyokwisha. Gari likionekana kujivuta, kana kwamba limekanyagwa breki kidogo, huenda difu ya katikati ina tatizo au matairi hayalingani. Mipira inayofunika viungo hivyo nayo ishikwe kwa mkono: ikipasuka, vumbi la Njombe huingia, grisi hutoka, na shafti haimalizi msimu.

Jaribio jingine ni kuliwasha gari likiwa limepoa kabisa, ikiwezekana asubuhi. Injini ya 4GR-FSE, iliyofungwa kwenye Mark X na Crown nyingi za lita 2.5, hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Ufundi huo huongeza nguvu, lakini una kasoro: petroli haioshi tena valvu za kuingizia hewa, na masizi hujikusanya juu yake. Injini hutetemeka ikiwa ya baridi, na taa ya injini huwaka. Hata Marekani, ambako injini hiyo ilikuwa kwenye Lexus IS 250, wamiliki walilalamika. Dawa yake ni kufungua na kusafisha valvu, kazi ya fundi makini. Muuzaji aliyeliwasha gari saa moja kabla mnunuzi hajafika, aulizwe kwa nini.

Matairi manne, si mawili

Kama kuna gharama moja inayowashtua wamiliki wapya, ni hii ya matairi. Mazoea ya wengi ni kununua mawili leo, mawili baadaye, au kuokota moja la mtumba likipasuka lingine. Kwa gari la magurudumu mawili hilo huvumilika. Kwa 4WD, tairi lenye meno mapya lina mzingo mkubwa kuliko lililochakaa, hivyo huzunguka mara chache zaidi kwa kila kilometa. Difu ya katikati hulazimika kusawazisha tofauti hiyo muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, na sehemu zake huchakaa kwa joto.

Kwa hiyo matairi manne yanunuliwe pamoja, ya kampuni moja na saizi moja, na yabadilishane nafasi kila baada ya kilometa 8,000 hadi 10,000 ili yaishe kwa pamoja. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi husema wiki na mwaka lilipotengenezwa; 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jembamba la akiba linalokuja na baadhi ya magari haya ni la kufikia gereji ya karibu tu. Kutoka Makambako hadi Iringa kwa tairi hilo ni kuichoma difu kwa hiari.

Oili nazo ni nyingi. Mbali na ya injini, ambayo huzidi lita 6, ipo ya gia boksi, ya difu ya nyuma, ya difu ya mbele na ya kigawa nguvu. Hizi mbili za mwisho ndizo husahaulika, kwa kuwa fundi aliyezoea magari ya magurudumu mawili hazioni. Tena difu ya mbele imefungwa ubavuni mwa sampu ya oili, mahali ambapo jiwe la barabarani hugonga kwanza. Bamba la chuma la kuikinga ni fedha iliyotumika vizuri. Kuliinua gari kwa spesa, jambo linalopendwa sana siku hizi, si suluhisho lisilo na gharama, kwani pembe za shafti hupanda na viungo huisha mapema.

Likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili yakizunguka chini. Libebwe lote juu ya lori.

Mfuko wa mkulima

Mshahara huja kila mwezi na gari hudai kila mwezi. Mkulima hana bahati hiyo. Fedha zake huja mara moja au mbili kwa mwaka, wakati petroli, oili na bima havisubiri mavuno. Hapo ndipo magari mengi ya kifahari vijijini huishia chini ya turubai, matairi mawili mapya na mawili vipara, yakingoja msimu.

Tuseme gari linatembea kilometa 20,000 kwa mwaka na lita moja ya petroli ni Sh. 3,000, bei kikomo hutangazwa na EWURA kila mwezi, kila mtu aweke yake. Crown ya 4WD ikienda kilometa 9 kwa lita itatumia Sh. milioni 6.7. Gari dogo la lita 1.5, likienda kilometa 14, litatumia Sh. milioni 4.3. Tofauti ni Sh. milioni 2.4 kwa mwaka, ambazo kwa mfuko wa mbolea wa Sh. 70,000 ni mifuko 34. Hapo matairi hayajaguswa.

Mwenye ekari kadhaa za parachichi zinazozaa anaweza kubeba tofauti hiyo bila kuumia. Mwenye miche iliyopandwa mwaka jana ni hali nyingine: mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu, na miaka hiyo mitatu inahitaji mbolea, palizi na maji. Gari kwa upande wake hushuka thamani katika miaka hiyohiyo. Kama fedha ni ya kimoja tu kati ya hivyo viwili, miche itangulie.

Aliyeamua kununua atenge fedha ya matunzo siku ileile anapopokea malipo ya mavuno, kwa akaunti ya pembeni: seti moja ya matairi kila baada ya miaka miwili au mitatu kulingana na safari zake, oili zote tano, na akiba ya shafti moja. Risiti za kazi hizo azitunze kwenye bahasha ndani ya gari, kwani siku ya kuuza, mnunuzi anayelijua gari hili ataziomba kabla ya kuuliza bei, kisha atalala chini kutazama kama propela ya mbele bado ipo.